Choo cha Tompok

Suhaila alimleta paka nyumbani ndani ya mfuko wa koti lake la kazi, Jumamosi mchana, mvua ya mji wa Taiping ikiwa imeshaanza kupiga mabati. Alimkuta chini ya ngazi za zahanati ya meno alikofanya kazi, amelowa chapachapa, analia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Mama yake, Rukiah, alikuwa jikoni akikuna nazi.

"Suhaila, hicho nini mfukoni?"

"Dawa ya baba."

"Dawa ya baba inalia?"

"Daktari si alisema tumtafutie kitu cha kumchangamsha? Televisheni haitaki, redio haitaki, wageni ndio kabisa. Basi nimemletea mgeni asiyeuliza hali."

Rukiah alitaka kucheka na kukemea kwa pamoja. Akaishia kufuta mikono na kumfuata binti yake sebuleni.

Bilal Shamsuri alikuwa pale alipokaa kila siku, kwenye kochi la henzerani karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeadhini katika msikiti wa mtaa, na akina mama wa nyumba za mbali walizima majiko yao kwa kumsikia. Kiharusi kilimpiga miezi mitano iliyopita akiwa anatawadha. Kilimwachia uhai, kikamwachia akili yake yote, na maneno yaliyotoka yamekunjamana. Mtu mmoja tu aliweza kuyakunjua, naye alikuwa Rukiah. Wageni walipokuja alikaa kando ya mumewe akifasiri, hata kwa watu waliomjua tangu utoto.

Suhaila akamweka paka mapajani mwa baba yake. Bilal akamtazama kwa muda. Kisha mkono wa kushoto ukaja polepole, ukamfunika wote, kichwa hadi mkia. Akasema kitu.

"Anasemaje?" Suhaila aliuliza.

"Anasema ana baka jeusi sikioni. Anasema kwa baka hilo aitwe Tompok."

"Baba ametoa jina! Mama, umesikia? Ametoa jina mwenyewe!"

Rukiah alikuwa amesikia. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema mumewe wiki nzima, na hakuna hata moja lililokuwa la kulalamika.

"Haya, na choo chake?" akauliza, kwa sababu alihisi machozi na hakutaka yaonekane. "Humu ndani watu wanaswali."

Suhaila akachukua sinia la zamani la kuokea keki za Idi, akaenda kwa jirani yao Kamariah, aliyekuwa anajengewa ukuta, akaomba mchanga wa fundi. Wakaliweka sinia nyuma ya mlango wa jikoni, wakamweka Tompok juu yake. Akanusa. Akachimba kwa mikono miwili, akachuchumaa, macho kayakaza mbele kama mtu anayesikiliza hotuba. Alipomaliza akafukia, akanusa tena, akaona haitoshi, akafukia mara ya pili.

"Ona adabu," alisema Rukiah. "Na hakufundishwa na mtu."

Kochini, Bilal aligeuza uso dirishani. Rukiah aliliona hilo. Suhaila hakuliona.

*

Kulikuwa na jambo ambalo Suhaila hakutakiwa kulijua. Lilianza matone mawili matatu, mwezi wa tatu baada ya kiharusi. Choo cha nyumba ile kilikuwa nje ya mlango wa nyuma, na mlangoni pake palikuwa na kizingiti cha saruji ambacho mguu wa kulia wa Bilal haukuweza tena kukivuka. Alikuwa akianza safari akiwa kochini, Rukiah amemshika kwapa, na mara nyingi safari iliishia jikoni. Baadaye iliishia pale pale kochini. Baadaye tena haikuanza.

Mara ya kwanza kochi lilipolowa, alimshika Rukiah mkono kwa ule wa kushoto na kuubana hadi ukauma. "Mtoto asijue," alisema. Akasema tena, na safari hii Rukiah akaapa.

Tangu hapo kila siku ilikuwa ile ile. Suhaila akiondoka na gari lake dogo asubuhi, Rukiah alivua foronya za mito ya kochi, akafua, akamwosha mumewe, akambadilisha kikoi, akapangusa sakafu kwa maji ya ndimu. Alikuwa na miaka sitini na nne na goti moja bovu. Aliwahi kununua pakiti ya nepi za watu wazima, akaileta nyumbani ndani ya mfuko wa mboga. Bilal aliirusha kwa mkono wake mzima ikagonga ukuta, na siku hiyo hakula. Aliwahi pia kutaka kumwita fundi abomoe kizingiti na kupiga vyuma vya kushikilia ukutani, Bilal akakataa. Suhaila angeuliza vya nini.

Harufu ilibaki. Mji wa mvua ulikuwa msaada. Suhaila akinusa hewani, Rukiah alisema mkeka haujakauka, au mfereji wa nyuma umeziba tena. Lakini visingizio navyo vina mwisho.

Jumatatu jioni, siku ya pili tangu Tompok aje, Suhaila alisimama mlangoni akivua viatu, akakunja pua.

"Mmh! Huyu bwana mdogo ameshaanza."

Rukiah alifungua kinywa kusema hapana. Akamwona mumewe. Bilal alikuwa amemshika paka kifuani, na macho yake yalikuwa yanamwomba mkewe kitu ambacho hata akiwa mzima asingeweza kukitamka.

"Ndiyo," alisema Rukiah. "Amekojoa kwenye kochi. Nimeshafua."

Ulikuwa uongo mwepesi. Ulitoka kama mtu anavyosema karibu.

*

"Tatizo ni lile sinia," alisema Suhaila baada ya siku nne za ndiyo, amekojoa. "Kwa nini akojoe kwenye sinia la keki? Hata mimi nisingekubali. Kesho sina zamu, twende dukani tukamchagulie choo cha maana."

"Nenda wewe. Mimi najua nini habari za vyoo vya paka?"

"Wewe ndiye unayeshinda naye. Watauliza tabia zake, mimi nitajibu nini?"

Wakamwacha Bilal amelala, Tompok miguuni pake. Duka lilikuwa karibu na soko, na mwenye duka alikuwa mama wa makamo aitwaye Mei Fong, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Ukuta mzima ulikuwa umejaa vyoo vya paka, vya bluu, vya kijivu, vya waridi. Rukiah hakuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lingeweza kuwa na rangi.

"Masanduku haya ni ya wazi, mama," alisema Mei Fong. "Haya yana ukingo mrefu, kwa wale wanaorusha mchanga mpaka ukutani. Haya yana chujio chini, unatikisa tu. Na hili," akaligonga moja kwa ukucha, "lina paa na mlango wa kusukuma. Paka akiingia, hakuna anayemwona."

"Hakuna anayemwona," Rukiah alirudia bila kujua kwamba amesema.

"Usicheke, mama. Kuna paka wenye haya. Ukimkodolea macho anajizuia, anajizuia, halafu anakwenda kumwaga pasipo pake. Si ubaya wake. Ni aibu tu."

Rukiah hakuwa amecheka. Aligeukia mifuko ya mchanga, akajifanya anasoma.

"Wenu ana umri gani?"

"Wiki nane hivi," alisema Suhaila.

"Basi msimpe mchanga huu unaogandamana. Wadogo wanajilamba, wanaumeza, unawaganda tumboni. Chukueni punje za mbao. Haya, anakojoa wapi?"

"Sebuleni. Kwenye kochi la baba. Jana ilikuwa godoro. Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku," alisema Rukiah.

"Na mkojo wenyewe ni mwingi? Ni tone, au ni kidimbwi?"

Swali hilo Rukiah hakulitazamia. Mbele yake palikuwa na mwanamke asiyemjua, anamuuliza kwa wema, na kando yake binti yake. Alinyoosha mikono, akaonyesha upana wa sahani ya wali. Kisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezoea kupangusa kitu chenyewe, ikaenda mbali zaidi, ikaonyesha upana wa sinia.

Mei Fong alianza kucheka, akaacha.

"Mama, paka wa wiki nane, ukikusanya mkojo wake wote, hujazi vijiko viwili vya chai."

Suhaila alikuwa ameinama akigeuza mfuko wa punje za mbao asome bei. Mkono wake ukasimama.

"Labda wanaingia wengine," alisema Rukiah. "Wa nje. Mlango wa nyuma hauna komeo."

"Labda," alisema Mei Fong. Alimtazama Rukiah kwa namna iliyomfanya avute mtandio wake mbele ingawa haukuwa umerudi nyuma. "Au mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Huenda ana maradhi."

"Tupe lenye paa," Suhaila alisema upesi. "Lile la kijivu."

"Ringiti themanini na tisa."

"Suhaila! Kwa bei hiyo angepewa na kitanda."

"Tupe tu, dada. Na punje."

"Mlango wake uko juu kidogo kwa mtoto," alisema Mei Fong akilifunga kwa kamba. "Mwekeeni kitu cha kukanyagia aingie."

Wakiwa ndani ya gari mvua ilianza. Suhaila aliwasha vifuta kioo, akavizima, akaviwasha tena, na mara moja alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Rukiah alilikumbatia sanduku mapajani akatazama nje, akiomba moyoni binti yake asiulize. Suhaila hakuuliza.

*

Choo kipya kiliwekwa pembeni mwa sebule, kwa sababu jikoni hakikuenea. Suhaila akatafuta tofali la kuchongwa lililobaki kwa Kamariah, akaliweka mbele ya kile kimlango. Tompok akapanda tofali, akasukuma mlango kwa paji la uso, akapotea ndani. Wakasikia akichimba.

Siku iliyofuata Suhaila alipokwenda kazini, Bilal alisema neno refu. Rukiah alikuwa amepiga magoti anapangusa chini ya kochi.

"Sema tena, Abang," akasema, kwa jina la heshima alilomwita tangu waoane.

Akasema tena. Paka amewekewa ngazi.

Rukiah aliendelea kupangusa. "Nilitaka kukuwekea vyuma. Ulikataa mwenyewe."

Bilal akasema lingine, na hili halikuhitaji kurudiwa. Unamsingizia.

"Nimsingizie nani, basi?" Rukiah alisema, na akasikia sauti yake imepanda. "Wewe? Niambie leo, nitamwambia mtoto akirudi. Niondolee kiapo changu. Unafikiri napenda? Napiga magoti hapa kila siku na goti hili, halafu jioni nakaa namsema kiumbe ambaye hata kinyesi chake anakifukia mara mbili!"

Alikuwa ameshachelewa kuyarudisha. Mumewe alikuwa amefumba macho. Tompok akatoka ndani ya nyumba yake, akajikung'uta, akapanda kochi, akalala pale pale palipolowa, na Bilal akamsogeza kwa vidole mpaka sehemu kavu.

*

Zamu ya kusoma Yasini kwa akina mama ilikuwa imemfikia Rukiah mara mbili, na mara mbili aliisukuma kwa wengine. Kamariah alikuja kumwambia waziwazi.

"Dada Rukiah, Alhamisi hii kwako. Ukitukwepa tena tutajua umetufukuza."

"Mgonjwa, Kamariah..."

"Si ndiyo tuje tumwombee? Miaka yote ametuita, leo sisi tusije?"

Alhamisi Rukiah alifua tangu asubuhi. Alipika wali wa nazi na dagaa wa kukaanga, akachoma udi, akafungua madirisha yote. Saa nane mchana, foronya zikiwa zimeshakauka, Bilal aliyekuwa bado kochini alitoa sauti ndogo, na Rukiah akajua bila kutazama. Alimsukuma na kumvuta hadi chumbani, akamlaza, akashusha pazia la mlango, akarudi mbio. Foronya aliibadilisha. Mto wenyewe, sifongo la ndani, hakuwa na la kufanya nalo. Aliugeuza juu chini, akaukandamiza kwa taulo, akautega mbele ya feni mpaka sauti za wanawake zikasikika barazani.

Walikuja kumi na mmoja, wote katika mavazi meupe ya kuswalia. Wengine wakakaa kwenye mikeka. Kamariah, ambaye mwili wake na magoti yake havikutaka tena kukaa chini, akakaribishwa na mwenziwe kwenye kochi kabla Rukiah hajafika kumwonyesha kiti kingine.

Wakasoma. Suhaila, aliyeomba ruhusa kazini arudi mapema kusaidia kuandaa chai, alikaa karibu na mlango wa jikoni. Rukiah alisoma midomo tu. Macho yake hayakutoka kwenye kochi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani Yasini isiishe.

Iliisha. Kamariah akainuka kupokea birauli, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema, "Ee, dada, nguo yako."

Nyuma ya lile vazi jeupe palikuwa na duara la manjano, pana kama sinia.

"Astaghafirullah!" Kamariah alilivuta vazi mbele, akalinusa, akaliachia. "Paka! Paka wenu huyu!"

Wanawake wa kwenye mikeka wakakusanya nguo zao magotini. Mmoja akachungulia pembeni, akaona lile sanduku la kijivu.

"Na choo chake hicho, kina paa kama ofisi ya mkuu wa wilaya!"

Wawili watatu wakacheka. Kamariah hakucheka. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomuuma zaidi Rukiah.

"Dada, mimi paka nawapenda. Mtume aliwapenda. Lakini mkojo ni najisi. Hapa ndipo mnaposwalia, hapa ndipo tunaposoma maneno ya Mungu. Nyumba ya Bilal hii! Nyumba ya mtu aliyetuita kwenye swala!"

Tompok alikuwa amelala juu ya paa la choo chake, tumbo juu, manyoya makavu kama pamba.

"Ataondoka," alisema Rukiah. "Nisameheni jamani. Leo hii hii ataondoka."

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya pazia. Wanawake walikuwa hawajaisikia kwa miezi mitano, na wengine hawakuitambua. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, inapanda na kuteleza. Ilisema, ikapumzika, ikasema tena yale yale kwa nguvu zaidi.

Si paka. Ni mimi. Si paka. Mimi.

"Bilal anasemaje?" Kamariah aliuliza kwa unyenyekevu.

Nyuso kumi na moja zilimgeukia Rukiah, na wa kumi na mbili ulikuwa wa binti yake. Rukiah alikiona kiapo chake, akauona ule mkono uliombana. Aliona pia nguo ya Kamariah, na jinsi habari ile itakavyotoka kwenye baraza lake na kupita nyumba moja baada ya nyingine hadi kwenye mnara wa msikiti.

"Anasema... anawaomba radhi," alisema. "Anasema paka apelekwe."

Chumbani kikasikika kishindo. Kilikuwa kiganja kinapiga ubao wa kitanda. Kikapiga mara ya pili, na ya tatu. Halafu basi.

"Masikini Bilal," alisema mwanamke mmoja akifuta macho. "Mgonjwa, lakini angali anajali twahara."

Suhaila alisimama. Alimchukua Tompok pale juu alipolala, akamtia mfukoni kama alivyomleta. Alikaa kizingitini kuvaa viatu, akafunga kamba za kiatu kimoja, akazifungua, akazifunga upya.

"Nimpeleke, mama?"

"Mpeleke."

"Kwa Mei Fong. Ana tundu la paka wanaotafutiwa wenyewe."

"Mpeleke, mwanangu, wageni wanangoja chai."

*

Usiku ule na kesho yake yote Bilal hakusema neno. Rukiah alimwosha, alimlisha, alimuuliza kama ana kiu, kama jua linamuumiza, kama ageuzwe. Hakukuwa na jibu, hata la kukunjamana. Alikuwa amempa maneno yake mtu mmoja tu ulimwenguni, na sasa mtu huyo naye amenyimwa.

Jumamosi asubuhi Suhaila alikuwa nyumbani. Rukiah alisema anakwenda sokoni, akaenda kwa miguu moja kwa moja dukani. Mei Fong alikuwa anamwaga maji mlangoni. Tundu lilikuwa wazi, na ndani mlikuwa na gazeti lililokunjwa.

"Amechukuliwa jana jioni, mama. Watu wa mji wa Ipoh, na watoto wao. Walimpenda palepale."

"Waliacha namba?"

"Hawakuacha." Mei Fong alisimamisha ndoo. "Niliwaonya kwamba anakojoa ovyo. Walisema hawajali."

Rukiah alishika wavu wa tundu. "Hakuwahi," alisema. "Hata siku moja hakuwahi kukojoa pasipo pake."

Mei Fong hakumuuliza ni nani, basi. Alivaa miwani, akaivua. Akaingia ndani, akatoka na kiti, na Rukiah akakaa juu yake mlangoni pa duka la watu, watu wakipita na vikapu, mpaka goti lilipokubali kumrudisha.

Alipofika nyumbani, alisikia maji yanachemka. Suhaila alikuwa jikoni, amekunja mikono ya blauzi. Juu ya meza palikuwa na beseni, mataulo mawili, na pakiti ya nepi za watu wazima, imefunguliwa.

"Amelowa," alisema Suhaila. "Nilitaka kumbadilisha. Amejigandisha ukutani, hataki nimguse."

Rukiah alitua kikapu chake kitupu. Hakuona sababu ya kuuliza amejuaje. Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu dukani. Ulipoonyesha kwa mikono." Suhaila alizima jiko. "Pengine kabla. Pengine sikutaka."

"Na ukampeleka paka?"

"Nilikuuliza, mama. Nilivaa viatu taratibu kama bibi harusi. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie nisimpeleke."

Rukiah alishika ukingo wa meza.

"Baba yako alikwambia."

"Alisema nini?"

"Alisema si paka. Alisema, 'Ni mimi.' Mbele ya wale wote, mara mbili alisema, na mimi nikageuza. Aliniapisha usijue. Siku aliyotaka mwenyewe ujue, nikamziba mdomo."

Suhaila alimimina maji ya moto kwenye beseni, akaongeza ya baridi, akapima kwa kiwiko, akalibeba.

Bilal alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, kikoi kimemganda mapajani. Aliposikia hatua za watu wawili badala ya mmoja, akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Anasemaje?" Suhaila alinong'ona.

"Anasema utoke."

Suhaila aliweka beseni sakafuni, akatoka, akashusha pazia. Hakwenda mbali, vidole vya miguu yake vilionekana chini ya pindo.

Rukiah alifungua kikoi, akakiondoa alipoweza. Kabla hajaomba, mkono ukapenya ukingoni mwa pazia, umeshika taulo. Akalipokea. Akamwosha mumewe tumbo, mapaja, kati ya vidole vya ule mkono usiojua kwamba unaoshwa. Mkono wa pazia ukaleta taulo la pili. Ukaleta kikoi safi, kimepigwa pasi. Kisha ukakaa kidogo, kama unaojifikiria, ukaleta nepi moja, imekunjuliwa tayari.

Rukiah aliipokea, akasimama nayo. Bilal alikuwa ameigeuza shingo. Aliitazama nepi, halafu akautazama ule mkono, uliobaki wazi ukingoni mwa pazia, ukingoja kupewa nguo chafu.

Akafumba macho. Akakanyaga godoro kwa mguu wa kushoto na kuinua kiuno kadiri alivyoweza, na hakikuinuka vya kutosha. Rukiah akaingiza mkono chini yake, akasukuma, goti likakataa. Akajaribu tena. Peke yake hakuweza, na wote watatu walijua kwamba hawezi. Mkono ulikuwa bado pale kwenye pazia, kiganja juu, na chumbani hakuna aliyesema njoo.